Kikohozi cha Mtu Asiyekuwepo

Watu walipompigia Syombua makofi, yeye alihisi kana kwamba amezabwa kofi moja zito la uso.

Ilikuwa Jumapili baada ya ibada, nyumbani kwa baba yake, Mumbuni. Mzee Ndeti alikuwa amewaalika ndugu na majirani waje wasikilize redio. Aliitoa sebuleni, akaiweka uani juu ya kiti chenye kitambaa cha kufumwa kama mgeni wa heshima, na viti vingine vikapangwa kuizunguka. Nyama ya mbuzi ilikuwa imeshaliwa, mbwa wameshapewa mifupa, na akina mama walikusanya sahani taratibu zisigongane. Kituo kimoja cha Nairobi kilikuwa na kipindi cha muziki wa okestra, na siku hiyo mtangazaji alikuwa akilinganisha rekodi nne za simfoni moja, kazi ya Mrusi aliyefariki zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Tatu zilitoka Ulaya. Ya nne ilitoka papo hapo Machakos, kwa Okestra ya Iveti, na mpiga honi wa kwanza wa okestra hiyo alikuwa Syombua.

Si honi ya gari. Ni ile ala ya shaba iliyojiviringisha kama konokono, ambayo mpigaji hupuliza upande mmoja na kutia mkono ndani ya kinywa kipana cha ala upande wa pili. Mzee Ndeti, aliyezeeka katika bendi ya Jeshi la Wokovu, ndiye aliyemfundisha bintiye kupuliza tangu akiwa na meno ya utotoni. Sasa Syombua alikuwa mke wa mtu na mama wa Mwendwa, mtoto anayetambaa, mwenye duka la dawa za mifugo mjini, na kila Jumamosi alifunga duka mapema akaenda mazoezini.

"Sasa sikilizeni honi hii," mtangazaji alisema. "Warusi wenyewe wanaipiga ikitetemeka. Waingereza wanaipiga kwa adabu mno. Lakini dada huyu wa Machakos, Syombua Ndeti, anabeba sentensi nzima kwa pumzi moja. Pumzi moja, wasikilizaji!"

Fidla kubwa zikanguruma chini chini, gizagiza, kisha honi ikainuka peke yake. Ni wimbo mrefu, wa mtu anayesema jambo alilolificha kwa miaka, na mpigaji hana pa kujificha. Ulipokwisha, ua mzima ukalipuka. Shangazi mmoja alipiga vigelegele. Mzee Ndeti alifuta macho kwa kofia yake.

"Huyo ni wangu," alimwambia kila aliyekuwa karibu. "Huyo nimemfunza mimi!"

Syombua alibaki ameshika mkono wa kiti. Sauti ile haikuwa yake.

Hakuhitaji kuambiwa. Mtu anaijua sauti yake kama anavyoijua njia ya chooni gizani. Siku waliporekodi simfoni hiyo alikuwa na mimba kubwa, mtoto amekaa juu, miguu inambana kwenye mbavu. Alipofika katikati ya ile sentensi ndefu pumzi ilimwishia. Aliikata, akavuta hewa kwa haraka, na noti iliyofuata ikapasuka kidogo kama sauti ya kijana anayebalehe. Aliisikia wakati uleule. Walipomaliza alimwendea Muema, mwongozaji wa okestra, akamwomba warudie. Muema alimshika bega akamwambia, "Iko sawa, mama. Hiyo ina roho."

Tangu hapo alijifungua, akakaa nyumbani na mtoto miezi ya kwanza, na rekodi kamili hakuisikia. Muema alikuwa amewatumia sehemu ya kwanza tu, akisema nyingine zinasafishwa. Kumbe zilikuwa zinasafishwa hivi.

"Mbona umenuna?" baba yake alimwuliza. "Watu wanakupongeza, itikia basi."

"Kichwa kinaniuma, Nau," alijibu, akimwita baba kwa Kikamba kama alivyozoea. Alimchukua mtoto kutoka mikononi mwa shangazi, akamwashiria mumewe, wakaondoka huku makofi mengine yakimfuata hadi langoni.

Mumewe, Kang'ethe, alikuwa fundi wa umeme aliyefanya kazi Konza siku za juma na kurudi nyumbani wikendi. Muziki wa aina hiyo hakuujua wala hakujidai kuujua. Lakini aliuona uso wa mkewe, na walipofika nyumbani hakuuliza chakula. Alimweka mtoto mapajani, akakaa.

"Nieleze pole pole," alisema.

"Hiyo honi si mimi."

"Ni nani?"

"Ndiyo nataka kujua."

Rekodi ya Iveti ilikuwa imeshawekwa kwenye mtandao alasiri hiyo. Syombua aliunganisha simu na spika, akaanza kuitafuta simfoni ile kila mahali ilipopigwa duniani. Zilikuwa nyingi kuliko alivyodhani. Mwanzo aliziweka moja moja kwa hasira, akitafuta mwizi, lakini sikio la mpiga muziki halikosi kusikiliza. Kulikuwa na rekodi kuukuu iliyotatarika kama mafuta ya kukaangia, ambayo honi yake ilitoka mbali kana kwamba ipo ng'ambo ya kilima. Kulikuwa na ya Warusi, honi ikitetemeka kama mzee anayeomba dua. Kulikuwa na moja ya polepole sana. Mwongozaji wake alionekana hataki iishe, na mpiga honi maskini akaachwa ananing'inia kwenye noti moja mpaka Syombua mwenyewe akajikuta anakosa hewa. Nyingine ilikwenda mbio, wimbo wote ukapita kama mtu aliyechelewa mazishi. Karatasi ilikuwa ileile, noti zilezile, na kila mmoja alisema neno tofauti. Ungemfunga Syombua macho, angekuonyesha huyu ni huyu na yule ni yule.

Kisha akaweka rekodi ya tamasha moja la Ulaya, iliyonaswa ukumbini watu wakiwa wamejaa. Honi ilipoingia, nywele zilimsimama. Ilikuwa pumzi ileile moja. Kabla ya noti ya juu palikuwa na kusita kulekule kudogo, kama mtu anayekanyaga ngazi gizani. Aliisimamisha, akaweka ya Iveti. Akairudia ya tamasha.

"Zinafanana?" Kang'ethe aliuliza.

"Naona zinafanana. Lakini Muema atasema mpigaji mzuri anaweza kufanana na mpigaji mzuri. Nitamjibu nini?"

Kang'ethe alikuwa akimfuta mtoto udenda. "Mimi sijui mambo ya honi," alisema. "Lakini huyu mzee anayekohoa, yeye amealikwa kote kote?"

"Mzee gani?"

"Huyo. Honi ikikaribia kumaliza, kuna mtu anakohoa. Kwa hiyo ya Ulaya amekohoa. Kwa hiyo yenu pia amekohoa, mahali palepale."

Syombua alizirudia zote mbili, sikio limegusa spika. Kikohozi kilikuwepo: kifupi, kikavu, cha mwanamume aliyejaribu kukimeza kikamshinda. Alikuwa amekisikia tangu mchana asikijali, maana mpiga muziki hufunzwa kutovisikia vikohozi. Siku waliyorekodi, ukumbi wao ulikuwa mtupu. Walimtoa hata bawabu, wakafunga madirisha, wakamfukuza mbwa aliyelala mlangoni. Hapakuwa na mtu wa kukohoa.

Basi hasira zikampanda. Hakulia wala hakupiga kelele. Aliinuka akaosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa, na Kang'ethe, aliyemjua, alimwondoa mtoto jikoni.

Kesho yake asubuhi alikwenda kwa Muema. Muema alikuwa mtu wa kupendwa. Okestra ile aliijenga kutoka kwa watoto wa shule, walimu na wapigaji wa bendi za makanisa. Aliuza hata gari lake ili wapate fidla kubwa, akawa anatembea kwa miguu na kusema ni mazoezi ya moyo. Syombua alimkuta barazani kwake akibadilisha nyuzi za fidla ya mtoto.

"Mama Mwendwa! Nyota wetu!" Muema alisema akifungua mikono. "Karibu. Umesikia tulivyosifiwa?"

"Nani alipiga honi?"

"Keti kwanza, mama."

"Sikuja kuketi, Mwalimu. Nani alipiga honi?"

Muema aliitazama fidla. Aliukaza uzi mmoja, akaudonoa, akaukaza tena.

"Ni kipande kidogo tu," alisema hatimaye. "Simfoni ni ndefu. Nimebadilisha hapo kwa honi, na pale klarineti inapokujibu. Kwingine kote ni sisi wenyewe."

"Mutua anajua kwamba klarineti si yake?"

"Hajui, na hana haja ya kujua."

"Nilikuomba turudie. Kwa mdomo wangu nilikuomba."

"Ulikuwa umechoka, Syombua. Miguu imevimba. Ningemtesa mama mjamzito kwa ajili ya noti moja?"

"Kwa hivyo ulinihurumia."

"Ndiyo. Nilikuhurumia."

"Huruma ya kuniziba mdomo!" Sauti ilimtoka ikawashtua kuku uani. "Ukachukua mdomo wa mtu mwingine ukaubandika kwa uso wangu, halafu ukaandika jina langu hapo chini. Hiyo ni huruma? Umeniibia mimi, na umemwibia yule aliyepuliza. Hata yeye ana watu kwao wanaomjua sauti!"

Muema aliweka fidla chini.

"Wewe unajua walivyoandika juu yetu mara ya mwisho?" aliuliza. "Waliandika kwamba tunajitahidi. Kujitahidi! Neno la kumwambia mtoto anayejifunza baiskeli. Nimechoka kusifiwa kwa huruma. Nilitaka mara moja, mara moja tu, watu wanyamaze wasikilize muziki. Wasikilize bila kusema, maskini, na wako Machakos."

"Kumbe unaijua ladha yake," Syombua alisema. "Kile ulichokataa kulishwa wewe ndicho ulichonilisha mimi."

Muema akatafuta hoja nyingine. Kwa sababu ya rekodi hiyo, alisema, tamasha la vijana huko Ujerumani lilikuwa limewaita. Barua ilishafika. Wale vijana wangepanda ndege. Je, yeye, mzazi, angewanyima watoto wa watu safari hiyo kwa sababu ya fahari yake?

Hapo Syombua alishika nguzo ya baraza. "Jumamosi, mazoezini, utawaambia," alisema. "Usipowaambia wewe, nitawaambia mimi." Akaondoka bila kuaga, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa mtu aliyemwita Mwalimu.

Siku zilizofuata zilikuwa za kuchomwa na pongezi. Dukani, mtu alikuja kununua dawa ya kupe akamwambia, "Tumekusikia kwa redio, hongera." Mwingine alitaka chanjo ya kuku, naye akataka pia picha. Mchungaji alituma salamu. Kila hongera ilimwingia kama mwiba wa mkonge, na hakuweza kuing'oa, maana angemweleza nani habari za pumzi na noti huku ng'ombe wa mtu wanangoja dawa? Alisema, "Muvea, asante," meno yameshikana.

Alikwenda hadi Kyumbi kumtafuta Mutua, mpiga klarineti, aliyekuwa na kibanda cha kutengeneza simu kwenye njia panda. Alimpa spika za masikioni, akamwekea rekodi zote mbili. Mutua alisikiliza, bisibisi mkononi. Alipomaliza alizivua akazikunja vizuri.

"Nilijua," alisema. "Nilisikia kwa redio nikajua. Mimi sina sauti tamu hivyo."

"Na ukanyamaza?"

"Mama Mwendwa, hiyo klarineti ni nzuri kuliko yangu. Nikae hapa niseme, jamani, mimi si mzuri hivyo? Mimi sijawahi kupanda ndege. Niko na miaka thelathini na naziona tu zikipita hapo juu."

"Kwa hivyo acha uongo ukubebe."

"Sitasema wewe ni mwongo," Mutua alisema bila kumtazama. "Lakini pia sitasema kitu."

Syombua alirudi nyumbani amekasirika zaidi, na kilichomkasirisha ni kwamba alimwelewa. Alimpigia Kamene, msichana aliyerekodi siku ile. Kamene hakumzungusha. Alisema yeye alimpa Mwalimu kazi kama ilivyonaswa, na mengine yalifanywa na mtu mwingine huko Nairobi. Ile halisi alikuwa nayo bado. Akamtumia.

Ijumaa, ujumbe wa Muema ulifika kwenye kundi la okestra. Ulisema kwamba dada yetu mpendwa Syombua sasa ni mzazi na anahitaji kupumzika, hivyo kuanzia kesho Ndinda atakalia kiti cha honi ya kwanza. Tumwombee Syombua na mtoto. Chini yake vijana wakamimina picha za maua na mioyo. Syombua aliusoma amesimama dukani. Aliusoma tena. Halafu akafunga duka, mchana wa soko, wateja wakiwa mlangoni, na kitu kama hicho hakikuwahi kutokea.

Jumamosi alifika ukumbini na honi yake. Wengine walikuwa wameshakaa, wakilinganisha sauti. Ndinda, binti mpole wa chuo aliyekuwa honi ya pili, alikuwa kwenye kiti chake. Alipomwona Syombua alianza kuinuka.

"Kaa, Ndinda," Syombua alimwambia. "Sijaja kukutoa."

Alikwenda mbele, akasimama kando ya Muema. Muema aligonga fimbo yake kwenye kinara cha karatasi. "Tunaanza sehemu ya kwanza," alisema. "Tafadhali."

"Watu wangu, ngojeni kidogo," Syombua alisema.

"Mama, tuko kazini."

"Hata mimi niko kazini. Mwalimu, nilikuambia leo."

Muema alifungua karatasi akatafuta ukurasa ambao macho yake hayakuuona. Alipoona kwamba hatasema, Syombua aliweka spika juu ya kiti, akawawekea rekodi ya Ulaya, kisha ya redioni. Kikohozi kikapita mara ya kwanza. Kikapita mara ya pili. Baadhi yao walielewa papo hapo, wakatazamana. Kisha akaweka ile halisi ya Kamene, na hapo sauti yake mwenyewe ikawajia watu thelathini kwa mpigo: nene, yenye joto, ikikatika katikati kwa pumzi iliyosikika kama mlango unaofunguliwa, na ile noti ikapasuka. Alisimama akaisikiliza, uso unawaka. Kuisikia mbele ya watu kulikuwa kama kuvuliwa nguo, lakini hakuizima hadi mwisho.

Mutheu, kiongozi wa fidla, mama wa makamo aliyefundisha hesabu, aliweka fidla yake mapajani. "Ni kweli, Mwalimu?"

Muema aliilaza fimbo yake juu ya kinara. "Ni kweli," alisema. "Na kwa jinsi mlivyolia kwa furaha mliposikia mkisifiwa, ningefanya tena."

Maneno hayo yaliwasha moto. Wengine walipiga kelele kwa Muema, wengine kwa Syombua. Mpiga ngoma alitupa vijiti vyake chini. Kijana mmoja wa fidla ndogo alikuwa ameshamwambia bibi yake kijijini kwamba anaenda Ulaya. Bibi alishamnunulia sweta.

"Ungetungoja twende turudi ndiyo useme!" Ndinda, yule mpole, alilia. "Ni nani alikuwa anaumia? Ni nani?"

"Mimi," Syombua alisema.

"Wewe ulikuwa unasifiwa!"

"Nilikuwa nasifiwa kwa sauti ya mtu mwingine, Ndinda. Na kesho ungekaa hapo kwa hicho kiti, mbele ya Wajerumani, upige hiyo sentensi kwa pumzi moja. Ungeiweza?"

Ndinda alifuta pua kwa mkono wa sweta.

"Huo ni wivu tu," mtu alisema kutoka nyuma. "Umepokonywa kiti, basi umekuja kumwaga mboga."

Syombua aligeuka kumtafuta aliyesema, na ni bahati kwamba hakumwona. Mutua ndiye aliyesimama. Alikuwa amekwisha kuifungua klarineti yake vipande vipande na kuvitia kwenye mkoba.

"Si wivu," alisema. "Hata mimi wamenibadilisha. Nilijua na nikanyamaza." Akafunga mkoba, akatoka, na mlango ukajibamiza nyuma yake.

Hawakufanya mazoezi siku hiyo. Muema alikusanya karatasi zake moja moja, akainua fimbo yake, akapita katikati ya viti. Hakuna aliyemzuia na hakuna aliyemsindikiza.

Mutheu ndiye aliyeandika barua mbili, moja kwa redio na nyingine kwa tamasha. Mtangazaji alisema jambo hilo kwa sentensi moja fupi kabla ya matangazo ya biashara, basi. Wajerumani walijibu kwa upole kwamba mwaliko umeondolewa, na kwamba wangefurahi kupokea rekodi nyingine, ya kweli, wakati wowote. Rekodi ile ikaondolewa mtandaoni. Wapigaji kadhaa walihama pamoja na Muema, na fidla kubwa zilizokuwa mali yake zikaondoka. Waliobaki walikuwa hawatoshi simfoni yoyote. Mama wa yule kijana wa sweta alikutana na Syombua sokoni, akageuza uso akawa anachagua nyanya ambazo hakuzinunua.

Kilichombakia Syombua ni baba yake. Habari zilikuwa zimemfikia mzee kabla hajafika yeye, kama kawaida ya habari. Alimkuta ameketi ndani, redio imegeuzwa ukutani.

"Nimewaambia watu wote," mzee alisema kabla ya salamu. "Kanisa lote. Mpaka askofu wa kanisa jirani nimemwambia. Sasa nitembee na uso wa nani?"

"Nau, si mimi niliyedanganya."

"Ningepata fimbo yangu siku hiyo, huyo Muema angejua mimi ni nani!" Alipiga kiti kwa kiganja. "Kumlisha mzee uongo na nyama ya mbuzi wake mwenyewe!"

Alifoka hadi akachoka. Kisha akasema, "Lete hiyo yako nisikie."

Syombua alimwekea. Mzee aliinamisha kichwa akasikiliza kama alivyozoea kuwasikiliza vijana wa bendi, jicho moja limefumbwa. Ilipofika kwenye ule mpasuko alikunja uso.

"Hapo umeharibu," alisema.

"Najua."

"Na hewa uliivuta mahali pabaya. Ungeivuta mapema kidogo, kabla ya kupanda, hakuna mtu angejua. Mimba si sababu. Mama yako alibeba maji kutoka mtoni na wewe tumboni, na alikuwa anaimba."

Mtu mwingine angeudhika. Syombua, kwa mara ya kwanza tangu Jumapili ile, alihisi mabega yake yakishuka.

"Yule wa Ulaya ni mzuri kuliko wewe," mzee aliendelea.

"Najua hilo pia, Nau."

"Basi kesho uje na honi. Nikufundishe kupumua upya, maana naona umesahau."

Alikwenda kesho yake, na siku nyingine baada ya hiyo. Waliobaki wa Okestra ya Iveti walianza kukutana tena, wachache, bila mwongozaji, Mutheu akiwaanzisha kwa kutikisa kichwa. Mutua alirudi. Ndinda alirudi pia, akakaa kiti cha pili, na ilichukua muda mrefu kabla hajamsalimia Syombua kwa jina. Walipiga vitu vidogo vya watu wachache. Havikuwa vizuri sana.

Muema aliingia dukani mchana mmoja wa mvua. Alikuwa amekonda. Alisema ana ng'ombe mwenye homa, hajala tangu juzi, masikio baridi. Syombua alimwuliza maswali yanayotakiwa: anacheua, ana kupe, ana mimba? Akamtolea dawa, akamweleza kipimo na namna ya kuidunga, akamwonya maziwa yake yasinywewe wala kuuzwa hadi siku za dawa ziishe.

Muema alipokea mfuko akasimama nao.

"Umefurahi sasa?" aliuliza. Hakuuliza kwa ubaya. Ilionekana alitaka kujua kweli.

Syombua alimtazama. Alimkumbuka akitembea kwa miguu kwa ajili ya fidla, na alikumbuka makofi ya Jumapili ile, na vyote viwili vilimchoma.

"La," alisema. "Bado nimekasirika, Mwalimu. Kila nikiamka nakuta hasira ziko palepale. Siku nikipoa nitakuja kwako mwenyewe nikuambie, na tutakaa tuzungumze. Leo siwezi."

Muema alitikisa kichwa kukubali. Alijifunika koti kichwani, akatoka kwenye mvua.

"Umtazame na jioni!" Syombua alimwitia kutoka kaunta, sauti bado ina makali. "Asipokula kufikia jioni, umwite daktari. Usingojee!"